Waya Niliojifunga Mkononi Siku ya Kumpokea Mkwe

Haya, chekeni kwanza mmalize ndipo nianze, maana nawajua, mkianza kunicheka katikati mimi mwenyewe nitashindwa kuendelea. Ndiyo, ni mimi. Yule mtu mliyesimuliwa kwamba alitetemeka mchana kweupe akiwa ameshikana mikono na baba wa mchumba wake, matope yakimrukia hadi kwenye ndevu, akipiga kelele "Mawe!", yaani "Mama wee!" kwa Kinyambo cha Karagwe, kama mtoto aliyemwagikiwa uji, ndiye huyu Feruzi mnayekunywa naye kahawa hapa, na wale waliowaambia kwamba nilikuwa nimefuga radi waliwaongopea, radi nitaifugia wapi mimi, ule ulikuwa waya wa simu na niliuzungusha mkononi mwangu mwenyewe, kwa akili zangu timamu, bila kusukumwa na mtu.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, vita vyao na Waingereza vimeanza kunukia, na Mdachi alitaka habari za walinzi wa kule Bugomora, karibu na mto, zimfikie upesi kuliko miguu ya tarishi. Basi wakasimamisha nguzo kutoka kilima cha Rugera kuelekea huko, wakatandika waya juu yake, na kileleni wakaweka kibanda chenye kisanduku cha simu. (Ninyi mnaosema simu mkidhani ni jambo dogo, sisi tulikuwa tunaliona kwa mara ya kwanza.) Kisanduku chenyewe kilikuwa cha mbao, kina kengele, na ubavuni kina mkono wa chuma wa kuzungusha, ukiuzungusha huku kengele inalia kule, mtu wa kule anashika chombo chake mnaanza kuongea kana kwamba mmekaa mkeka mmoja. Aliyekaa nacho kileleni alikuwa Athumani, mtu wa Tanga, mwembamba, mwingi wa maneno, anayependa kuitwa Bwana Simu. Chini ya kilima tulikuwa tunajenga nyumba ya udongo ya kuweka kisanduku cha pili na walinzi wake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na duka la chumvi na nguo na nilijua Kiswahili na Kinyambo cha kuombea maji, nikafanywa mnyapara wa ujenzi.

Sasa mimi mnanijua. Kitu nisichokielewa hakinipi usingizi. Nilikuwa natega sikio kwenye nguzo nikisikia inavuma, hum, hum, nikijiuliza ni maneno ya watu yanapita au ni upepo tu, na msimu wa senene nilikamata senene mmoja nikampachika juu ya waya kwa kijiti kirefu, nikakaa chini namtazama kama ataungua, naye akakaa zake anajifuta masharubu, na njiwa wakaja wakakaa karibu naye, hakuna aliyedhurika. Nikampandia Athumani kileleni kumuuliza.

"Ni umeme," akaniambia, "ule ule wa mawinguni, ila huu mdogo. Ukizungusha mkono huu wa chuma ndipo unatoka, unakimbia kwenye waya."

"Mbona ndege haumshiki?"

"Ndege kamuulize ndege mwenyewe. Wewe utakushika."

Kisha akanitajia masharti yake, ambayo aliyaimba kila mtu alipokaribia waya. Kwanza, hakuna kugusa waya mpaka ule mkono wa chuma uchomolewe kwenye kisanduku, na anayekwenda kufanya kazi ndiye anashuka nao, anakaa nao mwilini mwake mpaka amalize, halafu unarudishwa kileleni. "Mkono ukiwa kiunoni kwako," alisema, "mimi huku juu hata nikipandwa na wazimu siwezi kukupiga." Pili, mwenzio akinaswa usimshike, utanaswa naye, tafuta mti mkavu uupige waya. Niliyapenda sana masharti haya, hasa lile la mkono wa chuma, nikawaeleza mafundi wangu wote, na wote wakaelewa kwamba kile chuma kikiwa kwangu kazi ya waya inaendelea, na kikipanda mlimani kazi ya waya imekwisha. Lishikeni hilo, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Wakati huohuo nilikuwa nimeposa. Zaina binti Shomari, wa Nyakahanga, na sitawaeleza uzuri wake kwa sababu yuko ndani anatusikia. Baba yake, Mzee Shomari, alikuwa mfanyabiashara mwenye jina, babu zake watu wa Bagamoyo kama wangu, lakini alikuwa amekaa Karagwe muda mrefu hata ukimwekea wali na ndizi anamaliza ndizi kwanza, na salamu zake zilikuwa za Kinyambo hasa, zile ndefu za kuulizana nyumba, watoto, ng'ombe na migomba huku mmeshikana mikono hakuna anayemwachia mwenzake. Alikuwa hajakubali wala hajakataa. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mdadisi mno, kwamba niliwahi kufungua saa ya mteja nione kinachogonga ndani nikabaki na vyuma vingine mkononi (kweli, lakini ile saa ilikuwa mbovu tangu mwanzo), na akasema mtu wa namna hiyo ataifungua nyumba yake aone inavyosimama. Akatuma neno: atakuja kuniona kazini, na akiondoka hapo atatoa jibu. Nawaambia ukweli, moyo wangu wote ulikuwa kwenye jibu lile.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Kuta zimesimama, mafundi wako juu wanaezeka nyasi, na kazi iliyokuwa imebaki ni kuukata waya kwenye nguzo ya mbele ya nyumba na kuuingiza ndani kupitia tundu la ukutani. Nikapanda kwa Athumani, nikachukua mkono wa chuma, nikauchomeka kiunoni kwenye msuli, nikashuka. Mdachi mwenyewe alikuwa ameondoka, ameniachia mimi. Nikaukata waya, nikaushika ule upande unaotoka mlimani, na kabla sijaupenyeza tunduni mtu wa juu ya paa akaita, "Wageni wako hao, wanavuka bonde!"

Nikatazama. Kweli, ng'ambo kule kwenye migomba nikamwona Mzee Shomari na bakora yake, nyuma yake Maalim Idi, mwalimu wa Kurani aliyekuwa mshenga wangu, na nyuma kabisa Bi Mwanaidi, dada yake Mzee, amebeba kikapu kichwani. Nikaukanyaga waya usiruke, nikavaa mbio ile kanzu nyeupe niliyokuwa nimeitundika kando, nikajikagua. Hapo ndipo uamuzi wangu mdogo ulipozaliwa, mdogo kabisa, hata sisimizi angeukanyaga. Ule mkono wa chuma ulikuwa umetuna kiunoni chini ya kanzu. Ukinitazama kwa mbele nimekaa kama mtu mwenye ngiri. Nikasema, hapana, mkwe haji kumwona mwenye ngiri. Nikauchomoa, nikampa Katabazi.

Katabazi alikuwa fundi wa kuezeka, Mnyambo wa hapo hapo Rugera, mtu wa heshima na miguu ya mbuzi wa milimani, na sifa yake kubwa ni kwamba hashiki mali ya mtu ikalala kwake. Nilimwambia tu, "Chukua hii, Katabazi," macho yangu yako kwa wageni. Naye, kama nilivyowafundisha mwenyewe, alijua chuma kile kikitoka kwangu kinakwenda wapi. Akapita nyuma ya nyumba akaanza kupanda mlima. Mimi sikugeuka hata mara moja, nilidhani amekaa nyuma ya ukuta anautunza.

Tena sikutosheka. Nilisema, Mzee asinikute nimesimama mikono mitupu kama mgeni kwenye kazi yangu, ngoja anikute nimeushika waya, ajue mkwe wake anashika vitu ambavyo watu wengine wanaviogopa. Basi nikasimama mlangoni, pale pale tulipokuwa tunakanyagia udongo wa kuta, miguu mitupu kwenye matope hadi vifundoni (viatu nilivihifadhi visichafuke), kanzu nimeikunja kidogo, waya mkononi, uso nimeukaza. Laiti mngeniona, mngesema gavana.

Wakafika taratibu, maana Mzee alipumzika njiani mara kadhaa. Bi Mwanaidi akabaki kwenye rundo la nyasi kavu za kuezekea, akasema yeye hakanyagi matope ya mwanamume ambaye hajaoa kwao bado. Mzee Shomari akavua viatu vyake, akampa dada yake bakora amshikie, akaingia matopeni kunifuata, Maalim nyuma yake anatafuna punje za kahawa kama wenyeji. Nami hapo nikapata shida. Mkwe hasalimiwi kwa mkono mmoja. Hata mtu baki wa umri ule nampa mikono yote miwili na kuinama, seuze baba yake Zaina! Na nikiuachia waya unaruka unajikunja unarudi kwenye nguzo, kazi ya asubuhi yote imepotea. Na kumwambia Mzee "subiri kidogo"? Subiri kidogo nimwambie Mzee Shomari, aliyevua viatu kwa ajili yangu? Ulimi wangu ungekauka kwanza. Basi nikauzungusha ule waya kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mizunguko miwili mitatu, kama bangili, nikampa mikono yote miwili, nikainama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Osiibire ota?" akaniuliza, yaani nimeshindaje.

Ikaanza. Nyumbani hawajambo, hawajambo. Duka je, duka lipo. Mvua je, mvua inanyesha. Mikono tumeshikana, viganja vimelowa, yeye anautikisa mkono wangu polepole kwa kila swali, na nikaanza kuona usoni kwake dalili ya tabasamu, wallahi tabasamu, moyo wangu ukaanza kuimba. Akauliza, "Na hii kazi unayoifanya, haina hatari?" Nikasema, "Baba, hapa kwangu hatari haifiki, nimeshaidhi—"

Sikuimaliza. Kule kileleni Katabazi alikuwa amefika, ameukabidhi mkono wa chuma, Athumani ameuona akajua kazi imekwisha, waya umeunganishwa, akazungusha awaulize watu wa Bugomora kama wanamsikia.

Mnajua ukigonga kiwiko mahali pabaya, jinsi mkono mzima unavyopigwa ganzi yenye moto? Basi ndiyo hiyo, lakini inaanzia kifundoni, inapanda begani, inashuka kifuani hadi nyayoni, halafu haipigi mara moja ikaacha, inagonga, inagonga, inagonga, na vidole badala ya kufunguka vinakaza. Nikaubana mkono wa Mzee. Mzee naye akaubana wangu. Nikamwona macho yamemtoka, kofia imekaa upande, meno yanagongana, na sauti yangu ikatoka, mimi mtoto wa watu wa pwani niliyefundishwa kumtaja Mungu kwenye kila zito, ikatoka "Mawe! Mawe! Mawe!" kwa Kinyambo safi kabisa ambacho sikuwahi kukitamka vizuri namna ile maishani mwangu. Na niwaambie jambo la ajabu (hapa ndipo mtajua mimi si mzima), katikati ya ile adhabu kuna kipande cha akili yangu kilikuwa kimekaa pembeni kinaangalia, kinasema, kumbe kinakuja kwa mapigo, kumbe akizungusha kwa kasi kinauma zaidi.

Na alizungusha kwa kasi. Si hakuna aliyejibu! Waya nimeukata mimi, Bugomora itasikia nini? Athumani akaona watu wa Bugomora wamelala, akakaza mkono. Maalim Idi alipoona mkwe na mkwe tunarukaruka matopeni akadhani tumegombana, akasema "Jamani, jamani, mambo yanazungumzwa," akamshika Mzee shingoni amvute. Kahawa zote zikamruka mdomoni. Tukawa watatu. Mafundi kule juu ya paa wakaacha kazi, mmoja akawa anauliza kwa sauti kubwa kama hii ndiyo ngoma ya posa ya watu wa pwani. Msuli wangu, ambao kile chuma ndicho kilikuwa kinaukaza fundo, ukanishuka chini ya kanzu ukaingia matopeni, nikawa naucheza kwa miguu.

Aliyetuokoa ni Bi Mwanaidi, na hakukusudia. Yeye aliona jambo moja tu, kijana amemng'ang'ania kaka yake na hataki kumwachia. Akasogea hadi ukingo wa nyasi kavu, akainua ile bakora, kavu kama mfupa, akaniambia, "Mwachie! Mwachie ndugu yangu, mshenzi wewe!" na akanipiga nayo mkono wa kushoto kwa nguvu zake zote, mara ya kwanza kwenye kiwiko, mara ya pili kwenye kifundo, mara ya tatu waya ukachomoka ukaruka nguzoni. Tukaanguka wote watatu. Na yeye hakuacha, aliendelea kunipiga nikiwa chini, kwa usalama zaidi.

Mzee Shomari aliinuka, akavitazama viganja vyake mbele na nyuma, akavaa viatu vyake na matope hivyo hivyo, akaondoka. Maalim alimfuata anaokota kofia. Bi Mwanaidi alikuja akachukua kikapu cha chakula, akaondoka nacho. Nilikaa pale kwenye udongo nikalia, sioni haya kusema nililia, si kwa maumivu, ni kwa sababu niliona Zaina anaondoka na kile kikapu.

Athumani alishuka mbio, akamgombeza Katabazi, Katabazi akasema kwa utulivu, "Bwana mnyapara ndiye alinipaga chuma. Chuma cha watu nikae nacho cha nini?" Alifanya kile nilichomfundisha.

Kuanzia hapo habari ilinitangulia kila nilikokwenda. Nyakahanga walisema nimempiga mkwe, Bugomora walisema nimefunga radi mkononi ili mzee alegee anipe binti, na wateja wangu wakawa wanataka niweke chumvi chini kwanza, nirudi nyuma, ndipo waichukue. Wengine walikuja kutazama kifundo changu tu, hawanunui kitu. Mafundi hawakukubali kula nami mpaka mzee mmoja wa pale aninyunyizie maji kwa majani, kama wanavyofanya kwa mtu aliyepigwa na radi, nikakubali, ningefanyaje.

Kwa Mzee Shomari kimya. Kimya hicho kilinila kuliko ule umeme. Hata udadisi uliniisha, nikapita chini ya nguzo nisitege sikio. Nilikwisha kujiandaa kuambiwa hapana wakati Bi Mwanaidi alipopitia dukani, akasimama mbali, akasema, "Kaka anakuita. Usije na kitu mkononi."

Nilimkuta Mzee amekaa barazani peke yake. Nikamwamkia kwa mbali, sikuthubutu kunyoosha mkono. Akaniacha nimesimama, kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama mlango asisikike ndani, "Feruzi. Mbona ndege anakaa juu yake?"

"Baba?"

"Ule waya. Nimepita njiani nimeona njiwa wanakaa juu yake. Sisi umetushika, njiwa hauwashiki. Silali. Niambie."

Nikamweleza nilichokuwa nimekigundua nikiwa nimelala nauguza mkono: kwamba kile kitu kinatafuta ardhi, njiwa hagusi ardhi hivyo kinampita, lakini sisi tulikuwa miguu mitupu matopeni, tumekipa njia, kikapita kwangu na kwake na kwa Maalim. Akanisikiliza kama mtoto anayesikiliza hadithi. Akauliza maswali mengi, mengine mazuri kuliko yangu. Kisha uso ukabadilika.

"Na kile chuma cha kukulinda ulikiondoa kwa nini?"

Nikasema ukweli. "Kilinikaa vibaya kiunoni. Nilitaka nipendeze mbele yako."

"Na waya ulijifunga?"

"Nilihitaji mikono miwili ya kukusalimia."

Ndani nikasikia sauti ya Zaina, haitoki nje lakini inafika, "Baba, angekwambia usubiri, usimshike, ungemfanyaje?"

Mzee Shomari alikunja uso. Alifikiri kwa haki, namheshimu kwa hilo mpaka leo, hakujipendelea. "Ningekasirika," akasema. "Ningevaa viatu vyangu nikarudi, na jibu lingekuwa hapana." Akanitazama. "Na tungekuwa wazima wote watatu." Kisha akanyoosha mkono wake, yeye kwangu, akaushika wangu ule wa kushoto uliokuwa na alama, akasema kwa ukali kana kwamba ananigombeza: "Siku nyingine nikasirishe."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la posa yangu, mengine ya ndoa mnayajua. Na tangu siku hiyo nimewakasirisha watu wengi: niliwahi kumwambia akida asimame hapo hapo alipo mpaka nishuke ngazini, Maalim Idi nimekataa kumpa mkono nikiwa na kazi mara zisizohesabika, na Mzee Shomari mwenyewe nilimwambia "subiri" mbele ya wageni wake akanuna siku nzima. Nitawasalimu kwa mikono miwili, nitainama hadi chini mkitaka, lakini nimalize kwanza.